Sadaka au Mtaji? Hesabu ya Umisionari Unaochangiwa kwa Sarafu za Mtandao

Pendekezo huja kwa namna moja karibu kila mara. Ndugu wa kanisani, au jamaa aliyeko Marekani, anatuma ujumbe kwamba kuna picha za kidijitali zinauzwa, idadi yake ni 1,000 tu, fedha zake zitakwenda kuwatunza wamisionari, na atakayenunua mapema ataziuza baadaye kwa bei mara tano. Mnunuzi anaambiwa kuwa ametoa sadaka na papo hapo ameweka mtaji. Kwa mfanyabiashara aliyezoea kutenganisha daftari la duka na daftari la nyumbani, hapo ndipo mahali pa kusimama na kusoma tena, kwa maana ndani ya pendekezo hilo zimo shughuli mbili tofauti na kila moja ina hesabu yake.

Somo la wiki hii linahusu njia hiyo ya kuchangia kazi ya umisionari wa Kikristo kupitia jumuiya za blokicheni na tokeni za kukusanya. Njia hii ilishika kasi mwaka 2021 na 2022, hasa Marekani, ikaanguka pamoja na bei. Wapo waliopata nayo fedha za kweli na kuzipeleka zilikokusudiwa. Wapo pia waliopoteza akiba ya miaka mingi huku wakiamini wanamtumikia Mungu. Tofauti kati ya makundi hayo mawili haikutokana na aina ya sarafu. Ilitokana na kile mnunuzi alichoambiwa kuwa ananunua.

Hisa ya senti 10

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1856 shirika la kimisionari la Boston, American Board of Commissioners for Foreign Missions, lilihitaji merikebu ya kuwahudumia wamisionari wake katika visiwa vya Micronesia, Bahari ya Pasifiki. Liliwaendea watoto wa shule za Jumapili. Kila mtoto aliuziwa "hisa" kwa senti 10 za dola na kupewa hati ya kuonyesha kuwa yeye ni mmoja wa wenye merikebu hiyo, iliyoitwa Morning Star. Merikebu ilijengwa na kuondoka mwaka huo huo, na baada yake zilifuata nyingine zenye jina lile lile.

Itazamwe bidhaa iliyouzwa. Hati ile haikuwa na gawio, haikuwa na mkutano wa wanahisa, wala hapakuwa na soko la kuiuza tena. Mtoto aliyelipa senti 10 alijua kuwa senti 10 zimekwenda, na alichobaki nacho ni karatasi nzuri ya kuweka ndani ya Biblia. Neno "hisa" lilikuwa pambo tu na kila mtu alilijua hilo. (Leo msimamizi yeyote wa masoko ya mitaji angeliulizia neno hilo, na angekuwa na haki.)

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanao mfano wa karibu zaidi, nao ni mnada wa mavuno baada ya ibada. Mkulima analeta jogoo, boga au mkungu wa ndizi. Jogoo wa shilingi 25,000 anapandishwa hadi 100,000, na aliyeshinda huenda akamrudisha mbele anadiwe tena. Hakuna anayemnunua jogoo wa mnada wa kanisa ili kesho yake ampeleke sokoni akapate faida. Ile nyongeza ya bei ndiyo sadaka, na jogoo ni sababu tu ya kuitoa.

Picha ya kidijitali inayouzwa kwa ajili ya umisionari ni jogoo wa mnada. Tatizo lilianza pale wauzaji walipoanza kumtangaza jogoo huyo kama ng'ombe wa maziwa.

Tokeni inavyouzwa

Blokicheni ni daftari la hesabu linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi, ambamo kilichokwisha kuandikwa hakifutiki kwa urahisi. Tokeni ya kipekee, inayojulikana sokoni kwa herufi NFT, ni mstari ndani ya daftari hilo unaosema kwamba anwani fulani ndiyo yenye kitu chenye namba fulani. Picha yenyewe mara nyingi haimo ndani ya daftari. Imewekwa kwenye kompyuta nyingine, na daftari linaonyesha tu mahali ilipo. Kanuni inayotumika zaidi katika mtandao wa Ethereum, ERC-721, ilitolewa mwaka 2018. Mwezi Machi 2021 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza kazi ya msanii Beeple kwa dola milioni 69.3, na kuanzia hapo kila mwenye shughuli ya kuchangisha fedha alianza kujiuliza kama naye hawezi. Januari 2022 soko la OpenSea peke yake lilipitisha mauzo ya takriban dola bilioni 5 ndani ya mwezi mmoja.

Kikundi cha wamisionari kilichoingia katika soko hilo kilitazamia mapato ya aina mbili. La kwanza ni mauzo ya mara ya kwanza. La pili ni asilimia ya kila mauzo ya baadaye, mara nyingi kati ya 5 na 10, ambayo wachangiaji waliambiwa kuwa itaendelea kuingia daima.

Chukua mfano wa mauzo ya kwanza. Kikundi kinauza picha 1,000 kwa ether 0.05 kila moja na kukusanya ether 50. Novemba 2021, ether moja ilipokaribia dola 4,800, fungu hilo lilikuwa na thamani ya dola 240,000. Kama kikundi kilikuwa na wafanyakazi 20 wanaolipwa dola 500 kila mmoja kwa mwezi, hizo zilikuwa fedha za miaka miwili. Mwishoni mwa 2022 ether ilikuwa karibu dola 1,200, na fungu lile lile likawa dola 60,000, yaani mishahara ya miezi sita. Kodi ya nyumba, ada ya shule na petroli ya pikipiki havisubiri bei ipande. Kwa hiyo kikundi kilichouza sarafu zake wiki ile ile kilipeleka watu kazini, na kilichongoja "bei nzuri zaidi" kilijikuta kikiandika barua za kuomba radhi.

Asilimia ya mauzo ya baadaye ndiyo iliyowadanganya wengi, kwa sababu ilionekana kama pensheni. Ukweli ni kwamba haikuwa imefungwa ndani ya tokeni kwa namna ya kumlazimisha kila muuzaji. Ilikatwa na soko lililosimamia mauzo, kama dalali anavyokata fungu la mwenye kiwanja. Oktoba 2022 lilifunguliwa soko shindani la Blur, ambalo lilivuta wafanyabiashara kwa kuwapunguzia makato hayo. OpenSea ilijaribu kushikilia, kisha Agosti 2023 ikatangaza kuwa haitalazimisha tena. Kwa makusanyo ya zamani ulinzi huo ulimalizika Februari 2024. Tangu hapo, kwa makusanyo hayo ya zamani, aliyebaki kuamua kama atamkumbuka msanii, au mmisionari, ni muuzaji wa OpenSea mwenyewe. "Daima" ilikuwa imedumu kwa miaka isiyozidi mitatu.

Hata pale makato yalipoheshimiwa, asilimia 5 ya mauzo yasiyokuwapo haimlipi mtu. Uchunguzi uliotolewa Septemba 2023 na dappGambl ulipitia makusanyo 73,257 ya tokeni za aina hii na kukuta 69,795 yakiwa na thamani ya sokoni ya ether sifuri. Hiyo ni zaidi ya asilimia 95. Bajeti ya umisionari inayohesabu mapato hayo kama fedha za uhakika imeandikwa na mtu asiyewahi kukaa na bidhaa dukani.

Jumuiya na gharama zake

Tokeni hizi haziuzwi kama nyanya, kwa mpita njia. Huuzwa ndani ya jumuiya, yaani kundi la watu wanaozungumza kila siku, wanaopiga kura kwa tokeni zao na wanaojionea fahari ya kuwa pamoja. Kwa mchangishaji huo ni mtaji mkubwa, na makanisa yanaujua kuliko mtu yeyote.

Mfano bora wa jumuiya kufanya mnada wa jogoo kwa njia ya kidijitali haukuwa wa umisionari. Machi 2022, siku chache baada ya vita kuanza, kundi la UkraineDAO liliuza tokeni moja tu ya picha ya bendera ya Ukraine. Maelfu ya watu walichanga kwa pamoja, na ether 2,258 zikapatikana, sawa na dola milioni 6.75 wakati huo. Waliochanga walipewa tokeni ya kumbukumbu iliyoelezwa wazi kuwa haina thamani ya fedha. Ilikuwa hati ya Morning Star kwa sura mpya, na hakuna aliyedai faida. Mwishoni mwa Juni mwaka huo ether ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 1,100, kwa hiyo ether zile zile zingeleta kiasi cha dola milioni 2.5 tu.

Jumuiya ina gharama ambayo mchangiaji mdogo huiona akiwa amechelewa, nayo ni ada ya kuandikisha muamala katika daftari. Novemba 2021 kundi la ConstitutionDAO lilikusanya dola zipatazo milioni 47 ili kununua nakala ya uchapaji wa kwanza wa Katiba ya Marekani, likashindwa mnadani Sotheby's. Mchango wa mtu wa katikati ulikuwa kama dola 206. Wengi waliotaka kurudishiwa fedha zao walikuta ada ya mtandao ingemeza sehemu kubwa ya mchango. Mitandao ya siku hizi ina ada ndogo zaidi, lakini swali ni lile lile: mtu mwenye kutoa dola 10 azitume kwa njia inayokula ngapi?

Maziwa bila kuchinja

Ipo njia ambayo haikupata kelele kama za picha, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu iko karibu zaidi na mawazo ya mwekezaji. Ni vituo vya uhakiki.

Katika mtandao wa Cardano, ambao ulifungua utaratibu huu Julai 2020, mwenye sarafu za ADA anaweza kuzikabidhi kwa kituo kinachosaidia kuhakiki miamala. Kukabidhi hakumaanishi kuhamisha. Sarafu hubaki katika pochi yake, hazifungwi, na anaweza kuzitumia wakati wowote. Kituo kinapopata zamu ya kuandika ukurasa wa daftari, mtandao hutoa tuzo. Kwanza mwendeshaji wa kituo huchukua ada yake, kisha kinachobaki hugawanywa kwa waliokabidhi. Waendeshaji kadhaa walitangaza tangu mwanzo kuwa ada yao, yote au sehemu, itakwenda kwenye kazi za hisani, na miongoni mwao wako wenye shabaha za Kikristo.

Mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake, na kanisa linapata kikombe cha maziwa. Kwa kadiri ya mpangilio, hii ndiyo njia safi kuliko zote zilizotajwa hapa, kwa sababu hakuna anayelazimika kudanganywa ili ifanye kazi. Shida yake ni ukubwa wa kikombe.

Ada ya chini ya kituo iliwekwa kuwa ADA 340 kwa kila mzunguko wa siku 5. Mwaka una mizunguko 73, kwa hiyo kituo kilichopata zamu katika kila mzunguko kilijipatia ADA 24,820 kwa mwaka. Septemba 2021, ADA ilipofika dola 3, kiasi hicho kingekuwa dola 74,460, na mtu angeweza kuahidi kujenga zahanati. Mwisho wa 2022 ADA ilikuwa karibu senti 25 za dola, na mapato yale yale, bila kupungua hata sarafu moja, yalikuwa dola 6,205. Oktoba 2023 mtandao ulishusha ada hiyo ya chini hadi ADA 170, hatua iliyowafaa wenye sarafu lakini ikakata nusu ya mapato ya kituo ambacho kingeamua kufuata kiwango kipya.

Hayo ni kwa kituo chenye zamu kila mzunguko. Mzunguko mmoja una kurasa zipatazo 21,600, na zinagawanywa kwa bahati inayofuata wingi wa sarafu zilizokabidhiwa. Kituo kidogo kinaweza kukaa wiki kadhaa bila ukurasa hata mmoja, huku kompyuta zake zikilipiwa kila mwezi kwa dola halisi. Baadhi ya waendeshaji walifunga kwa sababu hiyo tu. Kwa upande wake, mwenye ADA hapotezi sarafu zake kituo kikifanya vibaya, kwani mtandao huo hauna adhabu ya kuwakata waliokabidhi. Anachobeba ni hatari ya bei, na hiyo ni nzito ya kutosha: mtu aliyenunua ADA kwa dola 3 ili aichangie injili kwa tuzo ya asilimia 5 kwa mwaka alipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani kabla ya miezi 16 kwisha. Njia hii inamfaa mtu ambaye tayari anazo sarafu kwa sababu zake nyingine. Haimfai anayezinunua kwa ajili ya kutoa.

Mwezi wa heri, mwezi wa shari

Kesi ya El Zonte huko El Salvador husimuliwa sana na wapenzi wa bitcoin. Ni kijiji cha pwani ambako Michael Peterson, Mkristo kutoka San Diego, California, alikuwa akifanya kazi za kujitolea na vijana. Mwaka 2019 mfadhili asiyejulikana alitoa bitcoin kwa ajili ya kijiji, kwa sharti kwamba zisibadilishwe kuwa dola bali zizunguke kijijini humo humo. Vijana walilipwa kwa kusafisha ufuo, wakanunua vyakula katika maduka yaliyokubali kupokea sarafu hiyo, na mwaka 2020 wakati wa korona familia ziligawiwa msaada kwa njia hiyo. Septemba 7, 2021 serikali ya nchi hiyo iliifanya bitcoin kuwa fedha halali. Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 1.4 na Shirika la Fedha la Kimataifa, sheria ilirekebishwa na kuipokea bitcoin kukawa hiari.

Sharti la kutobadilisha lilionekana la busara kwa sababu bitcoin ilipanda kutoka chini ya dola 4,000 mwanzoni mwa 2019 hadi kama dola 69,000 Novemba 2021. Lakini mwenye duka aliyepokea bitcoin za dola 100 mwezi huo na kuziweka, mwishoni mwa 2022 alikuwa na dola 24. Muuzaji wake wa jumla alitaka dola kamili. Mpango uliomfaa mfadhili tajiri, mwenye uwezo wa kungoja miaka 5, haukuwa lazima umfae mwenye kibanda anayenunua mchele kila Jumatatu.

Mashirika makubwa ya Marekani yalichagua kinyume chake. Yanapokea sarafu na kuziuza papo hapo. Kampuni kama The Giving Block, iliyoanzishwa mwaka 2018, na Engiven, inayohudumia makanisa na mashirika ya Kikristo, hufanya kazi hiyo kwa niaba yao. Kinachowasukuma watoaji si mapenzi ya teknolojia peke yake bali ni kodi. Tangu mwaka 2014 mamlaka ya kodi ya nchi hiyo inaihesabu sarafu ya mtandao kuwa mali, kama kiwanja au hisa. Aliyenunua kwa dola 1,000 na sasa ina thamani ya dola 10,000, akiuza baada ya zaidi ya mwaka mmoja, kwa kiwango cha asilimia 15 atalipa kodi ya dola 1,350 kwenye faida. Akiitoa sarafu yenyewe kwa shirika lililosajiliwa, kodi hiyo haipo, na shirika linapata dola 10,000 zote. Zikizidi dola 5,000 anatakiwa kuwa na tathmini ya mthamini anayetambulika ili adai nafuu yake ya kodi.

Lakini mkondo huo nao hufuata mvua. Fidelity Charitable, mfuko mkubwa wa hisani wa Marekani, ulipokea sarafu za mtandao zenye thamani ya dola milioni 331 mwaka 2021. Mwaka 2022 zilikuwa milioni 38, mwaka 2023 milioni 49, na mwaka 2024, bei zilipopanda tena, milioni 786. Shirika lililopanga mishahara ya 2022 kwa kutazama mapato ya 2021 lilipaswa kuishi kwa karibu sehemu moja ya tisa. Kwa fedha za namna hii, kisima hujengwa na gari hununuliwa. Mshahara wa mwalimu wa shule ya misheni ni bora utafutiwe mahali pengine.

Denver

Juni 2022, bei zikiwa zimeshaanguka, mchungaji wa kanisa la mtandaoni mjini Denver, jimbo la Colorado, pamoja na mkewe, walianza kuuza sarafu waliyoiita INDXcoin. Waliiuza hasa kwa Wakristo. Mchungaji alisema kwamba Mungu mwenyewe alimwambia wanunuzi watatajirika. Hadi Aprili 2023, kwa mujibu wa hati za mashtaka za msimamizi wa dhamana za jimbo, watu zaidi ya 300 walikuwa wametoa karibu dola milioni 3.2. Kabla ya hapo mkaguzi wa nje alikuwa ameipa programu ya sarafu hiyo alama 0 kati ya 10, na mauzo yaliendelea. Mahali pekee pa kuiuza palikuwa soko lililoundwa na wauzaji wenyewe, lililoitwa Kingdom Wealth Exchange, ambalo lilifungwa Novemba 2023.

Januari 2024 msimamizi huyo alifungua kesi ya madai, akisema angalau dola milioni 1.3 zilitumika kwa mambo binafsi ya wanandoa hao. Mchungaji alijitokeza kwenye video akakubali kuwa fedha hizo zilichukuliwa, na kwamba sehemu ilitengeneza nyumba kwa maelekezo ya Bwana. Julai 2025 baraza la mashtaka la Denver liliwafungulia mashtaka 40 ya jinai.

Mfanyabiashara akiweka udini pembeni na kusoma kesi hii kama mkataba, ataona alama tatu ambazo zilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: soko moja linalomilikiwa na muuzaji, ukaguzi ulioshindwa, na ahadi ya faida isiyotokana na kazi yoyote ya mnunuzi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayogeuza shughuli nzima kisheria. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1946, katika kesi ya kampuni ya Howey iliyouza mashamba ya machungwa Florida, kwamba mtu anapoweka fedha katika shughuli ya pamoja akitarajia faida kutokana na jitihada za wengine, amenunua dhamana, hata kama karatasi imeandikwa jina jingine. Kwa msingi huo, Septemba 2023 wauzaji wa tokeni za katuni ya Stoner Cats, waliokusanya kama dola milioni 8 ndani ya dakika 35 mwaka 2021, walikubali kulipa faini ya dola milioni 1. Zile zilikuwa picha za paka. Kuandika jina la Yesu kwenye picha hakubadilishi hesabu hiyo.

Kwa hiyo mtu anayeletewa tokeni ya umisionari na anataka kweli kuchangia anaweza kuuliza swali moja lililo rahisi: kama bei ya tokeni hii ikiwa sifuri kesho, wamisionari watakuwa wameshapokea kiasi gani? Kama jibu ni fungu linalojulikana, lenye tarehe na risiti, ni jogoo wa mnada na anaweza kupandisha bei kadiri moyo wake unavyomtuma. Kama jibu linaanza na "tukifika hatua fulani", au kama fedha zinahifadhiwa kwa sarafu ile ile iliyotengenezwa na muuzaji, basi mmisionari naye ni mwekezaji asiyejua kuwa amewekeza.

Nyumbani

Kwa walioko Kenya, kodi ya asilimia 3 ya mauzo ya mali za kidijitali iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa Julai 2025, na badala yake ukaja ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma. Sheria ya watoa huduma wa mali hizo ilitiwa saini Oktoba 2025, ikigawa usimamizi kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tanzania, kwa Sheria ya Fedha ya 2024, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali.

Kanisa au kikundi kinachopokea sarafu kutoka kwa rafiki wa ng'ambo kiandike katika daftari lake siku ile ile idadi ya sarafu, bei ya siku kwa shilingi, jina la mtoaji, na ada iliyokatwa hadi fedha zifike benki au kwenye simu. Ikiwa sarafu zitakaa hata usiku mmoja kabla ya kuuzwa, ni vizuri pia iandikwe ni nani anayeshika maneno ya siri ya pochi, na ni nani wa pili.